Jinsi ya kuweka alama na kufungasha vipuri ili fundi wa shambani asihangaike

Nina miaka kumi na tisa stoo, kwenye karakana ya kuchonga vipuri hapa Tanga, upande wa Gofu. Hakuna chuma kinachotoka getini bila kupita mikononi mwangu: bushi, shafti, pini, visu vya korona (mashine za kuchambua nyuzi za mkonge), gia, na mara mojamoja vitu vya boti kwa wateja wa Pemba. Mafundi huvichonga. Mimi huvipa jina, nikavivisha, nikavisafirisha.

Vijana wanaokuja kujifunza huniuliza, "Shikamoo mama, sasa hii kazi si kutia kwenye boksi tu na kufunga?" Huwa siwajibu kwanza. Nawawekea bushi mbili mezani. Moja tundu lake ni milimita 60, ya pili ni 59.5, kwa sababu shafti ya upande wa pili ilishaliwa ikakerezwa upya, ikapungua. Nawaambia wachague kwa macho. Hakuna aliyewahi kupatia kwa kujua, wanaopatia hubahatisha. Basi nawaambia: huko mzigo unakokwenda kuna fundi kama nyinyi, ila yeye yuko saa nane za usiku, taa ni ya simu, mikono ina grisi, na korona imesimama. Yeye ndiye mnayemfungashia.

Nasema hivi kwa sababu lilishanifika. Mwaka wangu wa pili kazini nilipeleka bushi za namna hiyohiyo kwenye shamba moja la mkonge. Nilikuwa nimeandika lebo za karatasi kwa mwandiko mzuri, nikazibandika kwa selotepu juu ya chuma chenyewe, na chuma nilikuwa nimekipaka oili. Gundi ya selotepu na oili havikai pamoja. Boksi lilipofunguliwa lebo zote zilikuwa chini, zimerundikana kama majani. Fundi akabahatisha. Ile ya 59.5 akaipigilia kwa nyundo kwenye shafti ya 60, ikakwama nusu njia na kuichuna shafti. Mashine ikalala siku mbili, na majani ya mkonge yakishakatwa hayasubiri: yakikauka, nyuzi hazitoki vizuri. Nililiona lile rundo la majani nilipokwenda kuomba radhi. Tangu siku hiyo sijabandika lebo juu ya oili.

Jina kwanza

Kabla hujagusa boksi, kaa na kipuri ukipe jina. Kila kipuri kina majina mawili. Lipo la kwenye mchoro, kwa mfano K-114, na lipo la mdomoni, lile fundi wa shamba analolitumia: bushi ya rola la kulishia. Ukiandika la mchoro peke yake, anayefungua hajui anashika nini. Ukiandika la mdomoni peke yake, mwakani akiagiza tena hutajua ni ipi kati ya tatu zinazofanana. Andika yote mawili, na herufi ya toleo la mchoro usiisahau, maana mchoro hurekebishwa na vipuri vya toleo la zamani bado vimo rafuni.

Hii ndiyo lebo ninayoitumia, na mpangilio wake haubadiliki hata kwa pini moja:

BUSHI YA ROLA LA KULISHIA – KUSHOTO
(kushoto ukisimama unapolishia majani)
Mchoro K-114, toleo C
Bronzi. Tundu 59.5 – nje 75 – urefu 80 mm
Idadi kwenye pakiti hii: 4
Oda 0231
Amepima: (herufi za aliyepima) – tarehe

Mstari wa pili ndio watu huuruka. Kushoto kwa nani? Aliyesimama mbele ya mashine ana kushoto kwake, aliyeko nyuma ana kwake, na mchoraji ofisini ana kushoto kwa karatasi. Nimeshuhudia mafundi wawili wazoefu wakibishana nusu saa juu ya neno hilo moja, na wote walikuwa sahihi. Kwa hiyo nasema mtu asimame wapi. Nikiwa na wasiwasi zaidi naongeza rangi: kipande cha kushoto kinapakwa tone la rangi nyekundu kwenye uso usiofanya kazi, cha kulia tone la bluu, na kwenye karatasi ya ndani naandika maana yake.

Vipimo weka vile vilivyopimwa kwenye kipuri, sio vya kwenye mchoro tu. Mchoro unasema ilivyotakiwa iwe, na fundi anataka kujua ilivyo.

Na penye bolti, taja tredi, yaani aina ya meno yake. Mashine kongwe za mkoa huu zililetwa kutoka nchi tofauti. Ya Uingereza utaikuta na bolti za inchi, ya Ujerumani za milimita, na nyingine zimeshachanganywa na miaka ya matengenezo. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth, ile tredi ya zamani ya Uingereza, ina kipenyo cha milimita 12.7 na meno 12 kwenye kila inchi. M12 ina kipenyo cha milimita 12, na kutoka jino hadi jino ni 1.75. Ukiziweka kiganjani ni ndugu. Nati ya nusu inchi ukiitia kwenye M12 hulegalega mizunguko michache, na mwenye haraka akitia spana anaua tredi. Siku hizi sizipakii pamoja hata kama oda ni moja: kila aina na mfuko wake, na kwenye mfuko naandika kwa herufi kubwa INCHI au MILIMITA.

Kugonga namba kwenye chuma

Karatasi hupotea. Kilichogongwa kwenye chuma hubaki, kwa hiyo kipuri chochote kikubwa kuliko kidole gumba nataka kigongwe namba. Lakini si kila mahali panagongwa. Ukigonga, chuma huinuka pembeni ya herufi, kidogo sana, lakini kinatosha kuzuia beringi isikae. Usigonge kwenye uso unaokaa beringi, wala ndani ya tundu, wala kwenye kona ile shafti inapotoka unene kwenda wembamba, kwa sababu kona hiyo ndipo shafti hupasukia na wewe usiisaidie. Gonga kwenye kichwa cha shafti, kwenye ubavu wa gia mbali na meno, kwenye mdomo mpana wa bushi. Kisha pitisha tupa laini mara moja kuondoa kilichoinuka. Kipuri kinachokwenda kukomazwa kwa moto kigongwe kabla, maana kikishakomaa ni wewe na nyundo yako mtakaoumia. Chuma cha kalibu kigonge polepole na kwenye sehemu nene, kwani ukingo wake humeguka.

Sasa chukua ile seti ya vyuma vya kugongea namba, ihesabu. Seti nyingi zina vyuma tisa, sio kumi. Sita na tisa ni chuma kimoja, unakigeuza tu. Ndiyo maana kipuri namba 66 kikigeuzwa kinasomeka 99, na 16 iliyogongwa kwenye mdomo wa duara haina juu wala chini. Gonga kistari chini ya namba, kila mara, hata kwa namba isiyo na sita wala tisa, ili mkono uzoee. Kwenye misimbo yetu tumeacha kabisa kutumia herufi O na I, kwa kuwa fundi akiona alama iliyojaa grisi hawezi kujua ni herufi au ni sifuri na moja.

Vitu vya jozi vigongwe pande zote mbili. Nyumba ya beringi iliyokatwa nusu mbili, nusu ya juu ni 1 na ya chini ni 1, zikielekeana pale zinapokutana. Zilikerezwa zikiwa zimefungwa pamoja, na ukiichukua ya juu ukaioanisha na ya chini ya nyumba nyingine, tundu halitakuwa duara. Hizo nazifunga pamoja kwa bolti zake mwenyewe, hazisafiri zikiwa zimeachana.

Visu vya ngoma ya korona vina habari yake. Ngoma inazunguka kwa kasi, na kisu kizito kikiwa upande mmoja na chepesi upande wa pili, mashine yote inatetemeka na beringi hazidumu. Kwa hiyo kila kisu tunakipima kwenye mizani, tunakigonga namba ya nafasi yake, na vinavyokaa kuelekeana ni vile vilivyokaribiana uzito. Navifunga kwa mpangilio wa namba kuanzia juu, na karatasi ya uzito wa kila kimoja inakwenda pamoja navyo. Mpakiaji akivichanganya, kazi ya siku nzima ya fundi imekwenda bure.

Vidogo visivyogongeka, kama pini na washa, vinatungwa kwenye waya laini wa kufungia nondo, na waya unabeba kibati cha alumini. Vibati hivyo nakata kwenye mabaki ya bati la alumini, natoboa tundu, nagonga namba. Oili haikitoi, mvua haikitoi.

Kutu

Hapa kwetu bahari iko karibu na hewa ina chumvi. Shafti iliyokerezwa leo asubuhi na kuachwa wazi mezani, kesho kutwa ukiipangusa kwa kitambaa cheupe kinatoka na wekundu. Hata jasho la mkono linatosha: nimewahi kufungua pakiti baada ya mwezi nikaona alama kamili za vidole vinne, zimeandikwa kwa kutu. Vaa glovu, au shika kwa kitambaa.

Safisha kwanza vumbi la chuma na maji ya kukerezea, kausha, ndipo upake oili safi au grisi. Oili chafu ya gari usiitumie, hata kama gereji jirani wanaigawa bure. Imeshabeba asidi ya moshi wa injini, na badala ya kukinga inakula. Juu ya oili viringisha karatasi iliyotiwa nta au ile karatasi maalumu ya kuzuia kutu, kisha plastiki. Usipakie chuma kikiwa bado na joto la jua la mchana. Hewa yenye unyevu hufungiwa ndani, usiku ikipoa inageuka matone. Acha kipoe kivulini, kamua hewa, funga. Lebo inakaa nje ya plastiki hii, na nakala yake ndani ya mfuko mdogo uliofungwa kwa waya kwenye kipuri chenyewe. Kwenye chuma hakibandikwi kitu.

Wengine huuliza kuhusu plastiki kwa sababu ya marufuku ya Juni 1, 2019. Ile ilihusu mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa za viwandani viliachwa nje ya marufuku hiyo, lakini hiyo si ruhusa ya kufuja: kunja unachohitaji tu.

Kwenye kujaza nafasi ndani ya boksi, pwani tuna vitu vingi vya bure, na vingine ni adui. Makumbi ya nazi usiyaweke karibu na chuma kilichokerezwa. Mengi yamefukiwa ufukweni ili yalainike kwa ajili ya kusokota kamba, na yamekunywa maji ya bahari. Chumvi imo ndani hata yakikauka. Maranda ya seremala yanashika unyevu, nayo yasiguse chuma. Mimi natumia nyuzi fupi za katani zilizokauka vizuri, zile ambazo hazifai kusokotwa. Zinabonyea zikarudi, hazimwagiki, na hapa Tanga hazikosekani. Nazo pia nazitenganisha na chuma kwa plastiki, maana katani hunyonya maji.

Boksi, uzito, na alama za nje

Mzigo wa kwenda Dar au Korogwe kwa basi unashikwa na watu wengi: mpagazi wa stendi ya Kange, kondakta, anayeshusha, bodaboda wa mwisho. Hakuna kati yao anayejua ndani kuna nini. Boksi la kubebwa kwa mikono silizidishi kilo 25. Chuma ni kidogo kwa macho na kizito kwa mgongo, na boksi dogo lisiloandikwa uzito linamdanganya anayeliinua.

Huna mizani? Kwa shafti ya chuma iko hesabu ileile ya nondo: kipenyo kwa milimita zidisha kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Shafti ya 60: 60 mara 60 ni 3,600, gawa kwa 162, ni kama kilo 22.2 kwa mita. Shafti ya mita moja na nusu ni zaidi ya kilo 33, kwa hiyo hiyo inaandikwa WATU WAWILI pande zote, na nyuso za beringi zinavishwa vipande vya mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, kisha inafungwa kwenye ubao mrefu kuliko yenyewe, ili ikidondoka uumie ubao.

Alama za nje naandika kama alivyonifundisha baba. Yeye alikuwa mpiga alama wa marobota ya katani, enzi ambazo meli zilitia nanga nje na mizigo ikivushwa kwa matishari. Alikuwa na bati lililotobolewa herufi, kopo la rangi nyeusi na brashi nene. Robota la kilo 250, anapiga alama ya shamba, daraja la katani, namba ya robota. Alikuwa akisema robota likishavuka maji hakuna wa kumuuliza. Bati kama lile ninalo mpaka leo, kwa mizigo ya Pemba hasa. Chomboni maji ya bahari yanaruka, na karatasi iliyobandikwa nje inafika ikiwa uji. Kwa hiyo rangi juu ya mbao, turubai juu ya kasha, na vibanzi viwili vya mbao chini ili kasha lisikae kwenye maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya chombo.

Yanayoandikwa nje ni haya: jina la mpokeaji na simu yake, mji, namba ya oda, uzito jumla na uzito halisi, na namba ya boksi kati ya maboksi yote: 1/3, 2/3, 3/3. Ukiandika 1, 2, 3 tu, mpokeaji wa maboksi mawili anadhani yamefika yote. Andika juu na kwenye pande mbili zinazopakana, kwa kuwa shehena ikipangwa upande mmoja huwa umezibwa. Jina la kipuri cha bei kubwa usiliweke nje. Namba ya oda inatosha kwa anayehusika. Chora na alama ambazo hata asiyesoma anazijua: glasi kwa kinachovunjika, mwavuli kwa kisichotaka maji, mishale miwili kwa upande wa juu. Usiichore glasi kwenye kila boksi. Wapagazi wakiona bushi za bronzi zina glasi, siku ya kitu cha kuvunjika kweli hawataiamini.

Mzigo wa nje ya nchi ni somo lake, na hapa watu hupoteza fedha. Mbao ghafi za kreti au paleti zinatakiwa ziwe zimetibiwa, kwa kawaida kwa joto la nyuzi 56 mpaka kwenye kiini cha ubao kwa dakika 30 mfululizo, ili wadudu wasivuke nao. Ushahidi wake ni muhuri uliochomwa au kupigwa kwenye ubao: suke la ngano, herufi TZ, namba ya mtibaji, na HT, yaani kutibiwa kwa joto. Kabla hujaagiza makreti uliza kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, nani ameruhusiwa kupiga muhuri huo. Ukibadilisha ubao mmoja kwenye paleti yenye muhuri kwa ubao wa kuokota, muhuri ule hausemi kweli tena. Playwudi haidaiwi muhuri, kwa sababu ilishapita kwenye joto na gundi kiwandani, lakini kama fremu yake ni mbao ghafi nene, fremu inadaiwa.

Karatasi na picha

Orodha ya mzigo nakala tatu. Moja ndani ya boksi la kwanza, juu kabisa, kwenye mfuko wa plastiki. Moja nje kwenye bahasha, moja kwangu. Kila mstari unataja kipuri kiko boksi la ngapi. Idadi ihesabiwe na mtu ambaye hakupakia. Nikipakia mimi, anahesabu kijana, na anaweka herufi zake karibu na zangu.

Kabla ya kufunika, nalipiga picha boksi likiwa wazi, lebo zimegeukia juu, na namtumia mpokeaji kwa simu. Hapo hapo hunipigia. Wiki iliyopita fundi mmoja wa Muheza aliniambia, "Mama, ile nyekundu ndiyo kushoto ya wapi?" Nikamsomea mstari wa pili wa lebo. Kimya kidogo, nikasikia anamwambia mwenzake asimame pale unapolishia majani. Kisha akasema, "Haya mama, tumeiona. Funga." Nikachukua nyundo.